Difu ya Mbele

Kama kuna kitu kinachonikera hadi leo, ni mtu kurudisha gari la mwenzake huku anatabasamu. Mtoto wa ami yangu alirudisha langu hivyo. Alilileta likiwa limeoshwa, vioo vimepanguswa, na funguo akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ndiye anayenipa zawadi. "Gari lako zuri sana," akaniambia. "Halikutusumbua hata kidogo." Ningepaswa kushtuka pale pale. Hapa Garissa sijaona mtu anayeosha gari la kuazima. Likirudi linang'aa, jua kuna kitu kimefichwa chini.

Alikuwa ameliazima kwenda harusini Buna. Buna hiyo hiyo ya Wajir Kaskazini, mwendo wa kutwa nzima na zaidi, na mvua zimeshaanza. Lakini niseme nini? Gari la mwalimu mjane kama mimi, wa mtaa wa Waberi, si lake, ni la ukoo. Kukiwa na harusi linatakiwa, kukiwa na maiti linatakiwa. Anayekuja kuliomba haombi, anakuarifu tu. Ukithubutu kukataa, kabla ya magharibi mji mzima umesikia kwamba umesoma ukawasahau watu wako. Nikatoa funguo, nikaingia ndani.

Wiki ile gari liliporudi, madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitalini. Walikuja kwa ndege, maana mto ulikuwa umefurika na barabara ya Nairobi imekatika. Wangefanya upasuaji hadi Ijumaa asubuhi, kisha wapande ndege yao, na hakuna aliyejua wangerudi lini. Baba yangu alikuwa Hulugho, kule karibu na mpaka, mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Mtu aliyeendesha malori miaka yote ya nguvu zake, sasa alikuwa anapapasa ukuta kwenda msalani. Iliniuma sana ile habari ya ukuta. Magari ya abiria yalikuwa yameikataa njia ya Hulugho kwa sababu ya matope, na gari la kufika huko lazima liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mimi nilikuwa nalo. Niende Jumatano, tulale, turudi Alhamisi, Ijumaa alfajiri baba awe kwenye foleni. Nafasi ilikuwa hiyo tu.

Baba ndiye aliyenifundisha gari. Nilipokuwa msichana nilimshikia kurunzi chini ya lori lake, na neno lake lilikuwa moja: gari likitoka mikononi mwa mtu mwingine, usimuulize yeye, iulize difu. Difu, kwa asiyejua, ni ule uvimbe wa chuma katikati ya ekseli, wenye gia zinazoyageuza magurudumu. Gari la kawaida lina moja. Langu lina mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja inaogelea katika oili yake nzito inayonuka kuliko kitu chochote unachoweza kuingiza nyumbani. Kwa hiyo Jumanne asubuhi nililizungusha gari mtaani kidogo ili oili ipate moto, nikaliegesha uani palipo tambarare, nikaweka mawe kwenye matairi, nikajifunga shuka juu ya suruali na kulala chali juu ya gunia.

Jirani yangu akachungulia juu ya ukuta. "Mwalimu, leo limekumeza?"

"Nitakujulisha likinitema," nikamjibu.

Unaanza na nati ya juu, ile ya kujazia. Wako watu wanaokimbilia ya chini, wanamwaga oili yote, halafu ya juu inagoma kufunguka na gari linabaki uani mwezi mzima. Nilifungua ya juu, ikanuna kidogo, ikakubali. Kisha nikaweka karai, nikafungua ya chini.

Ilitoka chai ya maziwa. Sitanii. Oili ya difu ikiwa mpya ina rangi ya asali, ikizeeka huwa nyeusi, lakini hii ilikuwa nyeupe yenye wekundu kidogo, na povu juu, chai kamili tunayokunywa asubuhi. Nikatambaa hadi difu ya mbele, nikafungua, nayo ikamwaga chai vile vile. Nilikaa chini ya gari nikiiangalia inavyodondoka.

Nikampigia simu yule mtoto wa ami. "Difu zangu zimejaa maji."

"Maji? Labda umande."

"Umande umeingia kwenye chuma kilichofungwa kwa nati?"

Halafu akasema, "Tulivuka laga. Kidogo tu."

"Kidogo hadi wapi?"

"Hadi kwenye taa. Lakini bwana harusi alikuwa na haraka."

Laga ni mkondo mkavu ambao ukikutwa na mvua huwa mto, na mtu mwenye akili hukaa ng'ambo akasubiri maji yashuke. Difu iliyotoka mwendo mrefu ina moto. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, inayavuta ndani kupitia kitundu chake cha kupumulia. Hilo si kosa la kishetani, linaweza kumpata yeyote. Lakini ungesema. Ungekuja ukaniambia, dada, nimelivusha kwenye maji, litazame. Yeye aliona heri anunue sabuni. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu wanasoma.

Kuondoka vile hakukuwezekana. Njia ya Hulugho ni mchanga, kisha matope, kisha mchanga, na hapo katikati si mahali pa mwanamke kuharibikiwa na gari akiwa na mzee kipofu. Bahati nilikuwa nimenunua oili mpya asubuhi ile ile. Tunanunua ya kupima kutoka kwenye pipa, na hiyo ilikuwa ya mwisho mjini. Barabara ilipokatika, wenye malori waliokwama upande wetu walizoa kila tone lililokuwa madukani, hata ya injini. Mwenye duka alilinamisha pipa lake mpaka likalala, akalikamua, akanijazia jerikeni langu la manjano. "Usiimwage," akaniambia, "hakuna nyingine hadi Nairobi." Giaboksi nilikuwa nimeshaikagua, ilikuwa salama kwa kuwa imekaa juu. Hivyo oili yote ile ilikuwa ya difu mbili tu, na ingetosha sawasawa.

Difu zikiwa bado zinadondoka, adhana ya adhuhuri ikaita. Ile chai nikaimimina katika jerikeni jingine la manjano, nikayaweka majerikeni yote mawili kwenye kivuli cha ukuta karibu na lango, nikaingia kunawa na kusali. Nataka nieleze kuhusu ukuta huo, maana mtu wa kutoka mbali hawezi kuelewa. Kwetu oili iliyotumika haitupwi. Wafugaji huwapaka ngamia wenye upele. Kila nyumba yenye gari huiweka ukutani kwa ndani, na ndugu mwenye mifugo akipita huichukua bila kubisha, bila kuomba, kama mtu anayechukua kiatu chake. Lango halifungwi mchana. Hata mimi sijawahi kulifunga.

Niliporudi palikuwa na jerikeni moja. Nikalifungua, nikachungulia, nikaona povu.

"Ami yako alipita na mkokoteni," jirani akasema kutoka juu ya ukuta. "Nilimwambia uko ndani. Akasema usisumbuliwe, unasali."

Huyo ami ndiye baba wa yule mvuka laga, ndugu wa tumbo moja na baba yangu. Nilisimama pale uani nikiwa na mafuta hadi kwenye viwiko, gari langu likiwa na matundu mawili wazi chini, nikatamani kucheka kwa jinsi ukoo mmoja ulivyoniweza. Mwana ameniharibia oili ya zamani, baba ameniondolea mpya. Sikucheka. Nilipanda bodaboda na shuka langu la mafuta, mwenye pikipiki akawa ananitazama kwenye kioo kama mgonjwa.

Nilimkuta kwenye soko la mifugo, amewapigisha magoti ngamia wake, kitambaa mkononi, anawapaka shingo na makwapa kwa utulivu wa mama anayemwogesha mtoto. Wazee wengine walikuwa wamekaa wanatazama. Harufu ya oili yangu niliisikia kabla sijamwona.

"Adeer," akaniita kwa furaha. Kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana kwa neno hilo hilo moja, na siku zote nimelipenda, isipokuwa siku ile.

"Adeer, oili hiyo ni mpya."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilinusa zote mbili. Ile nyingine imeingia maji, haiwezi kushika ngozi. Ngamia akigaagaa mchangani inatoka yote. Hii inanuka kiberiti. Upele hauwezani na kiberiti." Akachovya kitambaa tena. "Nikasema, mtoto wa ndugu yangu mwaka huu ameniwekea dawa ya kweli."

"Nani amekuwekea?"

"Ilikuwa ukutani."

Na hapo ndipo nilipopandisha sauti mbele ya wanaume wote wa soko. Nilimwambia kwamba anachowapaka ngamia ni macho ya ndugu yake. Kwamba bila oili hiyo sifiki Hulugho, na nisipofika Hulugho, mtu aliyembeba mgongoni utotoni atakufa akipapasa ukuta. Kwamba mwanawe amelizamisha gari langu na kuniletea likinukia sabuni. Wazee wakaangalia chini. Ami yangu alinitazama, akakitazama kitambaa, na unajua alifanya nini? Alikikamua. Alikikamua ndani ya jerikeni, oili pamoja na manyoya ya ngamia na vumbi, asipoteze tone, kisha akanisogezea jerikeni kwa mguu.

"Ningejuaje kwamba ni ya safari?" akasema. Pole hakusema. Alipoona nimegeuka kuondoka akaongeza, "Basi ile ya maji niletee, nimalizie nayo."

Nilichuja ile oili kwa kitambaa cha ushungi wangu wa zamani. Ilijaza difu ya nyuma hadi ikachuruzika kwenye tundu la juu, ndiyo dalili kwamba imetosha, na kilichobaki katika jerikeni hakikuweza kulowesha hata kidole. Difu ya mbele ilibaki kavu. Niliuliza kila duka, nikauliza majirani wenye magari, hakuna. Ile chai nayo ilikuwa na mchanga wa laga ndani yake, nisingeirudisha kwenye gia zangu.

Kulikuwa na njia moja. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna loki unayoizungusha kwa mkono. Ukiifungua, magurudumu hayo yanabiringika tu bure na difu yao inalala. Gari linabaki la kuvuta kwa nyuma peke yake. Kwenye njia kavu ni sawa. Kwenye matope ni kumwomba Mungu.

Jumatano nikaondoka hivyo. Jua lilitoka, matope yalikuwa yameanza kushika ukoko, na kwa kukwepa huku na huku nikafika Hulugho kabla ya alasiri. Baba alikuwa ameketi mlangoni, kikoi kimepigwa pasi, begi miguuni, kana kwamba gari la abiria lingempita. Tulipozunguka kwenda kulijaza dizeli aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Mbele kumelala," akasema. "Umefungua loki?"

Nikamsimulia yote. Nilitaka akasirike. Nilitaka angalau mtu mmoja katika ukoo huu akasirike pamoja nami. Aliniuliza tu, "Ngamia gani, wale wa manyoya mekundu?" Nikaenda kulipa dizeli.

Alfajiri ya Alhamisi mvua ikanyesha. Tulikuwa tumetoka Hulugho mbali kidogo tu gari lilipoanza kuteleza, na kwenye bonde la kwanza magurudumu ya nyuma yakachimba, yakazama, yakawa yanazunguka palepale. Nilijaribu kurudi nyuma. Nikakata matawi nikayatandika. Nikasukuma mchanga kwa mikono. Nikijua saa inakwenda, nikashuka, nikapiga magoti kwenye matope na kuzungusha zile loki za mbele.

Baba alisikia mlio wake. "Usifanye hivyo, aabo. Difu haina kitu." Anapolainika huniita hivyo, aabo, kama vile mimi ninavyomwita yeye.

"Dakika moja tu, Aabo. Tutoke hapa."

"Gia zitajisaga."

"Zisagike. Macho yako yana bei kuliko chuma."

Nilitia gia, magurudumu yote manne yakashika, gari likapanda bonde likitetemeka, na kwa muda nilimshukuru Mungu. Nikazifungua loki. Bonde la pili nikazifunga tena, likatoka. La tatu lilikuwa refu. Katikati yake mbele kukaanza kulia, mlio wa mtu anayetafuna kokoto, kisha kitu kikapasuka kwa kishindo na usukani ukaniruka mikononi. Nikazima injini. Mvua ilikuwa inapiga bati la juu.

"Imekufa," baba akasema, bila lawama, kama daktari.

Tulikaa pale. Niliupiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukavimba, nikalia kwa hasira, na nilimjua kila mtu wa kumlaumu. Lori lililotuvuta lilikuja Ijumaa, na tuliingia Garissa watu wanatoka msikitini. Hospitalini muuguzi alikuwa anakunja mashuka ya wadi ya macho. Hakuhitaji kuniambia, tulikuwa tumeisikia ndege ikipita juu yetu.

"Tumefika?" baba akaniuliza mlangoni.

"Tumefika."

Alisubiri nimwelekeze mahali pa kukaa. Sikumwelekeza, akaelewa. "Basi nipeleke nyumbani," akasema. "Nina njaa."

Jioni ukoo ukaja kunipa pole. Walijaa ukumbini kwangu, wakanywa chai yangu, yule mvuka laga naye akiwemo, amekaa karibu na mlango. Mmoja baada ya mwingine wakaniambia ni kadari. Nikawaambia kadari haijui kuendesha gari. Nikawaambia kadari haikuingia kwangu na mkokoteni. Wakasema nina uchungu, nitatulia. Walitaka nitulie ili wao wapumzike. Hakuna hata mmoja aliyesema, mimi nilikosea. Ningepewa neno hilo moja ningelala.

Baba hakurudi Hulugho. Alibaki kwangu Waberi, akajifunza kuta zangu kwa vidole.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Safari hii hapakuwa na njia ya kuhangaikia, nilimpeleka kwa miguu tukawa wa kwanza mlangoni. Jicho la kulia lilifunguka. Aliponitazama aliniambia nimezeeka, tukacheka sote. La kushoto daktari alilimulika kwa muda mrefu, kisha akanivuta pembeni. Presha ilikuwa imepanda ndani yake na kuliua. "Hili lilingoja sana," akaniambia. "Angekuja mwaka jana, tungeliokoa."

Siku chache baadaye ami yangu alikuja kumpongeza. Alileta maziwa ya ngamia kwenye chombo kilichofukizwa vizuri, na akaja pia na jerikeni tupu. Mimi nilikuwa uani chini ya gari, nabadilisha oili, kwani nilikuwa nimefunga difu nyingine ya mbele niliyoitafuta kwa shida. Tayari nilikuwa nimemwaga, na majerikeni mawili, la oili mpya na la iliyotumika, yalikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Ndiyo, ukutani. Hadi leo ninaweka ukutani, kwa sababu wenye ngamia wenye upele ni wengi na si wote walionikosea.

Wakasalimiana, akamsifu Mungu, akakaa. "Wale ngamia walipona kabisa," akamwambia baba. "Ngozi yao sasa utadhani ya mtoto." Baba akasema ni jambo jema. Kisha nikaona miguu ya ami ikijigeuza kuelekea ukutani.

"Adeer," akaniita kwa sauti ya asali, "ile dawa ya mwaka jana, bado unaipata?"

Nilijiburuta kutoka chini ya gari, spana mkononi, na maneno yote ya mwaka mzima yamejipanga mdomoni. Lakini baba alikuwa ameshasimama. Alitembea hadi ukutani bila kugusa chochote, akainama juu ya majerikeni, akafungua moja akalitazama, akafungua la pili akalitazama. Hakunusa. Akachukua lile la oili nyeusi, iliyochoka, akaliweka miguuni pa ndugu yake.

"Mwaka jana ulijichagulia kwa pua," akamwambia. "Leo nimekuchagulia mimi."

Ami akacheka kidogo, akitafuta pa kuangalia. "Alhamdulillahi. Macho yamerudi."

"Limerudi moja," baba akasema.

Ami yangu hakuligusa jerikeni. Nikarudi chini ya gari na mpira wangu wa kujazia oili, maana difu ya mbele ilikuwa bado kavu.